Ukurasa Usio na Uzi

Mwanangu Mutheu,

Wewe na baba yako mmeenda Kitui kumuaga mama yangu, susu wako, kwa hiyo nyumba ni yangu na kuku mpaka jioni. Nimeketi kwenye meza ya jikoni na daftari la nasari, lile lenye picha ya twiga, kwa sababu ndilo lenye karatasi safi humu ndani. Usicheke. Mwalimu wa watoto wadogo huandika kwenye alichonacho.

Mambo ya blanketi, sweta, na kumpigia shangazi yako simu ukifika Eldoret tumeyasema mpaka ukaanza kuvaa spika za masikio nikikaribia. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumapili tulipokuwa tunapanga sanduku lako, ulivuta kutoka chini ya kitanda lile furushi la mkonge pamoja na kikapu cha kiondo ulichokianza ukiwa kidato cha pili na hukukimaliza. Ukaviweka mlangoni, karibu na viatu vilivyokwisha. Nikakuuliza vinakwenda wapi.

"Pea mtu wa chama, mama. Ama watoto wako wa nasari wachezee. Hizo ni mambo za kupoteza wakati. Mimi naenda kusoma."

Hukusema kwa hasira. Ulisema polepole huku ukikunja blauzi, na hapo ndipo nilipoumia, maana yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Niliyasema miaka minne iliyopita, nimesimama mbele ya jiko, na sikuwa mpole kama wewe. Umeyatunza vizuri mno. Naandika barua hii ili uyaache hapa nyumbani kesho asubuhi, usiende nayo.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwa susu.

Unajua nilisoma bweni huko Kitui. Usilolijua, kwa sababu sikuwahi kukuambia, ni kwamba nilikuwa hodari wa kemia. Najua unanifahamu kama mama wa kuimbisha watoto a, e, i, o, u, lakini kulikuwa na wakati mwalimu wa kemia alikuwa akiniachia ufunguo wa maabara niwaoneshe wenzangu jaribio kabla hajafika. Nilipenda hasa yale ya rangi. Unatia tone moja tu kwenye maji na yote yanageuka. Nilikuwa nikijiambia kwamba mimi ni mtu wa chupa na vipimo, na kwamba nimeshatoka kwenye mambo ya kijijini.

Siku ya wazazi, kidato cha tatu, susu alikuja kwa miguu kutoka stendi. Wamama wa rika lake hawakuwa wakitembea mikono mitupu. Kiondo kilichoanzwa kilining'inia mbele ya kifua, nyuzi zimetawanyika pande zote, na vidole vilisuka vyenyewe huku yeye akiangalia barabara na kusalimia watu. Hivyo ndivyo alivyoingia getini, akisuka, katikati ya wazazi waliovaa suti. Mimi nilikuwa maabara, dirishani. Msichana mmoja akasema, "Aki huyo ni mama ya nani anakuja na kazi ya nyumbani?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, Mutheu. Nikavuta pazia.

Waliponiita nikatoka, na yule msichana akaniuliza kama huyo ni mama yangu. Nikasema ni jirani, ametumwa na mama. Susu alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Akanipa bakuli la muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaniambia nisome vizuri na niwasalimie wenzangu, akaondoka. Tangu siku hiyo kila alipokuja shuleni alikuja mikono mitupu. Nilisikia baadaye kwamba kiondo alikuwa akikiacha kwa mlinzi wa geti, na anakichukua akitoka. Mimi niliona nimemstaarabisha.

Kemia yenyewe haikunifikisha mbali. Alama zangu hazikutosha kwenda chuo kikuu, nikawa mwalimu wa nasari, nikaolewa huku Kambu, nikakuzaa wewe. Chama cha wamama cha kanisa ndicho kilichonirudisha kwenye kusuka, kwa sababu kila mtu alikuwa akisuka na sikutaka kukaa nimekunja mikono. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaweka mambo mahali pake. Kemia ilikuwa ya watu waliofika. Kiondo kilikuwa cha sisi tuliobaki. Na niliapa kwamba wewe hutabaki.

Sasa nifike kwenye lile daftari lako. Nimelikimbia muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima.

Lilikuwa la kurasa tisini na sita, jalada la bluu. Ulilianza likizo ya Agosti. Kwenye kila ukurasa ulitoboa matundu mawili kwa sindano na kupitisha uzi wa mkonge uliotiwa rangi, kisha chini yake ukaandika kwa mwandiko wako ule mdogo: gome la mgunga, maji ya mto, majivu kijiko kimoja, dakika arobaini. Pembeni ulichora jani la mti, na wakati mwingine mchoro wa kiondo kizima na namna rangi zitakavyopandana. Ulikuwa ukichota maji mahali patatu: kwenye mchanga wa mto, kwenye tanki la mvua, na kwenye pampu ya sokoni. Mimi nikiona sufuria zangu zikigeuka rangi nilikuwa nagomba. Hata siku moja sikukuuliza kwa nini maji ya mahali patatu.

Kisha ripoti ya muhula ikaja, na kemia ilikuwa imeshuka. Unakumbuka nilivyolitafuta lile daftari. Nililikuta chini ya mto wako wa kulalia, nikalipeleka jikoni, na nikawashia jiko, karatasi baada ya karatasi, ukiangalia. Nilisema, "Kemistri inashuka na wewe unachezea magome ya miti. Chagua moja. Haya ni mambo ya kupoteza wakati, wewe unaenda kusoma." Zile nyuzi zilichukua muda kushika moto na zilinuka vibaya. Wewe ulisema, "Sawa, mama." Chai ilipoiva ukainywa.

Nilitaka ulie. Ungelia ningekupigia kelele kidogo kisha ningekuhurumia, na labda ningeacha jalada na kurasa chache. Hukulia, nikaona nimeshinda.

Haukupita mwaka. Chama chetu kiliombwa vyondo vya mkutano mkubwa wa akina mama wa kanisa, vyote vya rangi moja, ule wekundu wa udongo unaotoka kwenye mgunga. Tulisokota nyuzi kwenye mapaja mpaka ngozi ikachubuka. Wakati wa kutia rangi ulipofika mto ulikuwa umekauka hata chini ya mchanga, tukatumia maji ya pampu. Nyuzi zikatoka nyeusi. Nyeusi ya matope, tena imeshika kabisa. Tukasuuza, tukaongeza gome, tukaongeza majivu, tukaomba. Zikazidi kuwa nyeusi.

Mama Kioko, mwenyekiti wetu, akanigeukia mbele ya wote. "Si msichana wako alikuwa na kitabu ya rangi? Mwambie alete tuangalie alifanya aje."

Nikasema kimepotea shuleni. Nilidanganya mbele ya sufuria tatu na wanawake kumi na mmoja, wote wananijua.

Nilipofika nyumbani nikakuuliza kijanja, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini mgunga unaweza kutoa weusi. Ulikuwa umenipa mgongo, unasoma. Hukugeuka.

"Ni maji ya pampu, mama. Iko na chuma. Chuma na gome vikikutana inakuwa black. Ilikuwa page ya sita."

Ukaendelea kusoma. Na mimi nikaendelea kupika. Ningeweza kusema samahani. Neno hilo huwa nawafundisha watoto wa miaka minne na wanalisema siku hiyo hiyo.

Alama zako zilipanda, hilo ni kweli, na nilitamba nalo kanisani. Ulipata ulichokitaka, unaenda kusomea kazi ya maabara ya hospitali, na ushindi huo ni wako. Lakini hukushika mkonge tena. Ulikuwa ukipita kwenye kikao chetu cha chama chini ya ule mwembe, unasalimia kwa heshima, unaingia ndani. Nyumba ilikuwa na msichana mwenye bidii, na yule aliyekuwa akiniharibia sufuria sikumwona tena. Nilimkosa sana. Nakuambia wazi, nilimkosa na mimi ndiye niliyemfukuza.

Kilichonifungua macho ni malaria ya mwaka jana. Ulikuwa umeshajaza fomu za chuo. Nilienda zahanati, na dada aliyenitoboa kidole alikuwa na vidole vya zambarau mpaka kwenye kucha. Homa ilikuwa juu, mdomo ukaniponyoka. Nikamuuliza, "Wewe nawe unatia mkonge rangi?"

Akacheka sana. "Hapana, mama. Natia rangi damu yako. Hao wadudu hawana rangi, huwezi kuwaona mpaka uwapake."

Nikaona nimuulize kama rangi hukubali tu hivyo. Akasema inategemea maji. Maji ya bomba ya hapo huwa yanamharibia, wadudu wanatoka wamefifia, kwa hiyo lazima ayapime kwanza na kuyarekebisha. "Wenzangu wengine hawasumbuki," akasema, "lakini mimi nafuma vitambaa, na jicho langu linakataa rangi ikiwa imekosea kidogo." Kwenye kiti chake kulikuwa na uzi na sindano ya kufumia, na kitambaa kilichofika katikati. Hakukificha nilipokiangalia. Alisema akihesabu seli asubuhi na vifundo mchana, kichwa ni kile kile, ila kazi ya mchana haina mkubwa wa kuikagua.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati nimeshika pamba kwenye kidole, na machozi yakanitoka. Yule dada alidhani ni homa.

Nilipopona tu, nikanunua daftari la kurasa tisini na sita. La bluu halikuwepo, nikachukua la kijani.

Sasa unajua kwa nini mwaka huu nimekuwa nikichelewa kurudi. Sikuwa kwenye vikao vya shule, na Mungu anisamehe hayo pia. Watoto wakishachukuliwa na wazazi wao, nilikuwa nikibaki nyuma ya darasa na jiko, sufuria kuukuu na kikombe cha maziwa lala cha kupimia. Nilianza upya kutoka ukurasa wa kwanza, nikijaribu kukumbuka nilichokuwa nimekiona kwa jicho la hasira tu. Uzi wa gome na maji ya mto. Uzi wa gome na maji ya tanki. Uzi wa gome na maji ya pampu, ambao umekaa ukurasa wa sita, ulikokuwa. Nilikosea vibaya. Niliunguza sufuria mbili. Niliipaka blauzi yangu nyeupe ya kanisani rangi ambayo haitoki mpaka Yesu arudi. Siku moja nilirudisha nyumbani birika nililochemshia mizizi, na baba yako akanywa chai siku mbili akidhani nimebadilisha majani.

Na nilifurahi, Mutheu. Nina miaka arobaini na sita na nilikuwa nikikimbia baada ya kazi kwenda kuangalia uzi kama umekauka. Watoto wangu waliniuliza mbona mikono ya mwalimu ni ya njano, nikawaonesha, na sasa nusu ya darasa inajua kwamba majivu hubadilisha rangi. Wazazi wawili wamekuja kulalamika kuhusu sare. Nilikuwa nimesahau ladha ya kufanya kitu ambacho hakuna anayekipa alama. Mchana ninafundisha, jioni ninapima na kuchora, na sijisikii kwamba nimegawanyika. Najisikia mzima, kama sijawahi.

Mwezi uliopita nikaenda Kitui peke yangu. Nilimwambia susu kuhusu ile siku ya wazazi, pazia, na neno lile la jirani. Nilidhani atanyamaza. Yeye alikuwa akisuka, na hakuacha.

"Nilikuona dirishani," akasema. "Mikono yangu ilisimama kidogo. Halafu nikasema, huyu ni mtoto, hajui, na mikono ikaendelea."

Nikamuuliza zile rangi zake za zamani alikuwa anazipimaje. Akashangaa kwamba mtu amemuuliza. Aliongea mchana kutwa. Anajua mto upi una chumvi na mwezi gani, mti upi huchunwa kabla ya mvua, na idadi ya nyuzi ambazo nakshi ya zigizaga inahitaji ili mwisho ukutane na mwanzo bila kukosea, na hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Nilikuwa na mwalimu wa kemia nyumbani, na nilimwambia mtu kwamba ni jirani. Yaliyo kwenye kurasa za ishirini na moja mpaka thelathini ni yake. Kama leo ulimkuta akisuka, vikumbuke vidole vyake kwa niaba yangu.

Sikuambii usuke. Nisikie vizuri hapo, maana nikigeuza hili kuwa amri nyingine nitakuwa nimerudi kule kule mbele ya jiko. Labda Eldoret utapenda kupiga picha, au kwaya, au kupanda sukuma kwenye ndoo. Ninalokuomba ni kwamba mtu akikuambia uchague kati ya kichwa chako na mikono yako, hata akiwa na haki ya kukupenda kama mimi, usiseme "Sawa, mama" ukamwachia. Gombana naye. Ungegombana nami siku ile ningekuchapa na mwiko, na tungekuwa tumeokoa miaka minne.

Na kwa lile daftari, samahani. Nilikuchomea kitu kizuri, kilikuwa kazi yako na kilikuwa sahihi, na nilijua kuwa ni kizuri wakati nakichoma. Mama Kioko na wenzake nimeshawaambia ukweli, Jumatano, wote kumi na mmoja. Mama Kioko alisema alijua, eti uzi ukiungua una harufu yake na moshi wetu ulipita kwake.

Daftari la kijani liko juu ya kitanda chako, na kile kiondo nimekitoa mlangoni nikakiweka kando yake. Sijavitia sandukuni. Nilishakuchagulia mara moja, nikakuchagulia vibaya. Ukiviacha nitavipangusa vumbi na sitasema neno, wala kwa simu.

Ila kuna ukurasa mmoja. Wa kumi na saba. Nakumbuka ulikuwa na uzi wa rangi ya kitunguu kilichokatwa, ule wekundu unaokaribia zambarau, na pembeni ulichora kiluma, ule mshubiri wetu, na mizizi yake yote. Ulikuwa mzuri kuliko zote, na ndio ulioungua mwisho. Nimejaribu mizizi ya kiluma kwa maji ya mto, ya tanki na ya pampu, kwa majivu mengi na kidogo, ya moto na ya baridi. Nimejaribu mara kumi na nne. Susu naye hajui, anasema rangi hiyo hajawahi kuiona kwenye mkonge. Inatoka kahawia kila mara.

Kwa hiyo ukurasa huo hauna uzi. Nimetoboa matundu mawili tu, na chini yake nimeacha mistari. Hiyo rangi uliigundua wewe ukiwa na miaka kumi na tano, jikoni kwangu, na mimi nikigomba juu ya sufuria. Ukipata nafasi huko, si lazima iwe karibuni, niambie ulifanyaje. Nitakuwa na maji kwenye jiko.

Mimi mama yako, mikono ya njano.